Maji ya Meneja

Fundi Sekunde hakupewa jina hilo kwa sababu ya haraka zake. Alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Kila mteja aliyeleta saa kwenye kibanda chake aliambiwa, "Sekunde moja tu, mama," au, "Sekunde moja tu, kaka," kisha saa yake akaja kuiona tena baada ya wiki tatu. Wateja walinuna, lakini walirudi, kwa sababu saa iliyopita mikononi mwa mtu huyu ilikwenda sawasawa, na ndani ya kifuniko chake kulikuwa na tarehe na alama ya fundi, zimechorwa kwa ncha ya sindano, ndogo kiasi kwamba bila lenzi huzioni. Ndiyo kawaida ya mafundi saa. Atakayeifungua miaka ishirini baadaye ajue nani alipita humo, na lini.

Katika mambo ya moyo naye alikuwa mtu wa wiki tatu vilevile, ila wiki zenyewe zilivutika zikafika miaka kumi na moja. Mkabala na kibanda chake, ng'ambo ya ujia, alikaa mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa kuwa pindo lake halikuwahi kufumuka kwenye nguo ya mtu yeyote. Miaka yote hiyo walisalimiana asubuhi na kuagana jioni. Mama Pindo alileta saa yake ya mkononi mara tatu itengenezwe, na mara zote tatu fundi aliifungua, akaitazama kwa lenzi, akaikuta nzima, akairudisha na kusema haina tatizo. Mara ya nne mama wa watu akaiweka mezani.

"Fundi, saa haina tatizo, najua. Mwenye tatizo ni wewe. Utanioa au hunioi?"

Fundi alitaka kusema sekunde moja tu. Bahati yake ulimi ulikuwa umekauka, akaishia kutikisa kichwa kukubali, tena akakitikisa sana mpaka lenzi ikamdondoka jichoni.

Wakaoana katikati ya mwezi, yeye na miaka yake hamsini na minane, mama na hamsini na mmoja yake, wakawa na furaha ambayo hata watoto wa shule wangeionea haya. Fundi alitembea mtaani akijichekea peke yake. Alifunga vifungo vya shati vibaya siku tatu mfululizo na akafurahi kila alipofunguliwa na kufungwa upya na mtu mwenye haki ya kufanya hivyo.

Sasa Mama Pindo hakuja peke yake. Alikuja na cherehani, na kabati la vitambaa, na Meneja. Huyu Meneja alikuwa paka dume mnene, mweusi mwenye kifua cheupe, aliyepata cheo chake kwa tabia ya kulala juu ya meza ya kukatia nguo na kuwatazama wateja kana kwamba wamechelewa kazini. Tena Mama Pindo alikuja na sharti, na sharti lenyewe alilisema wazi kabla ya ndoa, mbele ya dada mkubwa wa fundi.

"Chumba changu nimekilipia mpaka mwisho wa mwezi, na ufunguo nabaki nao. Huyu paka nimekaa naye miaka tisa, kwa shida na kwa raha. Akiikubali nyumba yako, tumekaa. Akiikataa, mimi na yeye tunarudi kwetu na wewe utakuwa unakuja kututembelea. Ndoa itabaki palepale, ila viatu utavulia kwangu."

Waliokuwapo walivunjika mbavu. Fundi alicheka pia, lakini alimjua Mama Pindo. Akishapima amepima, harudii. Ufunguo wenyewe ukatundikwa kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni, umefungwa utepe mwekundu kama funguo zake zote, ili zisipotelee kwenye vipande vya nguo. Tangu siku hiyo fundi hakupita jikoni bila kuuona kwa pembe ya jicho. Kuutazama moja kwa moja hakuthubutu.

Siku ya nne ndipo ilipogundulika kwamba Meneja hanywi maji. Alikula, alilala, alikagua vyumba vyote, lakini bakuli la maji alilipita kama ofisi isiyomhusu. Kule kwenye chumba cha zamani kulikuwa na bomba linalovuja, na kwa miaka tisa bwana mkubwa alikunywa tone kwa tone, ameinamisha shingo, akiyakinga maji kwa ulimi. Nyumbani kwa fundi hakikuvuja kitu. Kitavujaje kwa mtu anayefanya kazi kwa kusikiliza? Hata hivyo, kwa ajili ya ndoa, fundi alipiga moyo konde, akalegeza bomba la jikoni na kukaa nalo robo saa nzima. Tone likaja. La pili likachelewa. Kisha yakaja mawili kwa pamoja, kisha kimya, kisha moja. Jasho likamtoka. Akarukia bomba na kulikaza.

"Mama Pindo, nisamehe, siwezi. Halina mpigo."

"Ni bomba hilo, Fundi, si ngoma."

Wakampeleka Meneja kwa daktari wa mifugo. Daktari akambonyeza tumbo, akampima, akatikisa kichwa. Mkojo ulikuwa mzito kupita kiasi, akasema, na paka dume asiyekunywa maji huziba njia, na njia ikiziba ni suala la kufa na kupona. "Kwa sasa mpeni chakula chenye majimaji, hicho kitamsogeza. Na mtafutieni maji yanayotembea. Zipo chemchemi ndogo za kuchomeka kwenye umeme, maji yanazunguka muda wote. Mrudisheni mwisho wa mwezi. Nikikuta hali ni hii hii, basi mrudisheni kule alikokuwa akinywa, mambo yaishe."

Njia nzima kurudi nyumbani Mama Pindo alilikumbatia kapu la Meneja, akatazama mbele. Jioni yake dada mkubwa akapiga simu, maana habari za paka zilikuwa zimeshamfikia, hakuna ajuaye kwa njia gani.

"Mdogo wangu, nisikilize. Huyo wifi yangu akiondoka humo ndani, ujue nakuja mimi kukupikia."

Fundi alimpenda sana dada yake. Alimpenda zaidi akiwa mbali. Usiku huo aliahidi moyoni kwamba chemchemi ataipata, tena si yoyote, na kwa mara ya kwanza maishani hakuahirisha.

Jumatatu asubuhi kibanda cha saa kilikuwa kimefungwa, jambo lililowafanya majirani waulizane kama kuna msiba. Fundi alikuwa kwenye duka la vifaa vya wanyama, lenzi mfukoni, amesimama mbele ya rafu yenye chemchemi saba. Muuzaji alikuwa mama mmoja mpole ambaye, kama alivyomweleza kati ya chafya na chafya, manyoya ya paka yalimdhuru tangu utotoni.

"Unapenda rangi gani?" akauliza muuzaji.

"Naomba maji."

"Ya kunywa?"

"Ya kutia humu. Zote saba. Siwezi kununua mashine ambayo sijaisikiliza."

Muuzaji alimtazama, akatazama duka tupu, akaenda kuleta ndoo. Wakati ndoo inakuja, fundi alikwisha kuweka lenzi jichoni na kuanza ukaguzi. Zile za plastiki alizisugua kwa ukucha, akaona mikwaruzo. "Humu utelezi utajenga nyumba na kuzaa watoto," akasema, na muuzaji akakiri kwamba ni kweli, plastiki ikichunika ni shida kusafisha, tena wapo paka wanaotokwa vipele kidevuni kwa ajili yake. Moja ya udongo ilimvutia, nzito na laini, mpaka alipokumbuka kwamba Meneja ana kilo sita na huruka bila kuangalia anapotua. Nyingine ilikuwa na mdomo mwembamba. Muuzaji akasema paka wengi hawapendi sharubu zao ziguse ukingo, na fundi, ambaye naye alikuwa na masharubu, akaelewa papo hapo. Ya tano pampu yake ilikuwa imezibwa kwa gundi. Hiyo aliirudisha kwenye rafu kwa ncha za vidole. Kitu kisichofunguka utakisafishaje?

Kisha akazisikiliza zote saba, hata zile alizokwisha kuzikataa. Alipiga magoti, akaweka sikio, akafumba macho.

"Hii inapumua kwa pua moja."

"Inapumua?"

"Hii nyingine ina haraka, itakufa mapema. Na hii inalalamika, hebu sikia. Pole, mama. Chafya inayofuata tafadhali ipigie kule, nasikiliza."

Ilibaki moja, ya bati lisiloshika kutu, yenye bakuli pana na tumbo la lita mbili na nusu. Fundi aliweka sikio, akakaa. Muuzaji alidhani amesinzia. Alipofumbua macho, uso wote ulikuwa umechanua.

"Hii inajisemea yenyewe polepole," akasema. "Nifungie hii."

Muuzaji akamfungia huku akimpa mafundisho. Maji abadilishe kila baada ya siku mbili tatu, asiongezee tu juu ya yale ya zamani. Mara moja kwa wiki aifungue yote na kuiosha kwa sabuni ya vyombo, na asisahau pampu, maana nywele hujisokota humo ndani. Chujio, lenye sponji na mkaa, alisuuze kabla ya kulitumia na alibadilishe kila wiki nne. Na kamwe isikauke, pampu ikizunguka bila maji inaungua. Fundi aliitikia kila jambo kwa heshima. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelekezo pia, lakini hiyo hakuifungua. Fundi gani anasoma karatasi?

Nyumbani aliiweka mezani, akatandika kitambaa cheupe, na ndani ya dakika kumi chemchemi mpya ilikuwa vipande kumi na vinne.

"Si mpya hiyo?" Mama Pindo alishangaa.

"Mpya ndiyo ya kufunguliwa."

Alichora tarehe na alama yake chini ya tumbo la chombo, kama ilivyo ada. Halafu akaiunganisha upya, na hapo ndipo mkono wake ulipofanya kile ambacho umekuwa ukikifanya kwa miaka thelathini na tano. Kila kinachozunguka kilichopita kwa Fundi Sekunde kiliondoka na tone la mafuta ya saa, tone lisilozidi kichwa cha pini. Pampu kwa kuwa ni kubwa ilipata matone mawili. Hakufikiri, kama wewe usivyofikiri unapofunga kamba za viatu. Akatia maji, akaichomeka pale penye plagi, sebuleni, chini ya ukuta wake wa saa tisa za kuning'inia, na maji yakaanza kupanda na kumwagika bila kelele hata kidogo.

Meneja akaja. Wote wawili wakabana pumzi. Meneja akanusa, akarudisha kichwa nyuma, akatikisa mguu wa mbele kana kwamba amekanyaga kitu, akamtazama fundi kama mtu aliyegundua wizi wa muda mrefu ofisini, akaondoka.

"Atazoea," akasema fundi.

Hakuzoea. Jumanne alinusa na kuondoka. Jumatano hata pua hakuisogeza. Fundi alijaribu kuisogeza, kuipunguza kasi, kuiwekea taa, kuiimbia. Jumatano hiyo hiyo alimkuta Mama Pindo akikunja vitambaa na kuvipanga kwenye mfuko mkubwa, akashindwa kuuliza ni oda ya mteja au ni mizigo ya safari. Ufunguo ulikuwa pale msumarini na utepe wake mwekundu. Alipita haraka, akajifanya anatafuta chumvi.

Alhamisi asubuhi, bafuni kukisikika maji ya Mama Pindo anaoga, fundi alipata wazo la mwisho. Wakati mwingine mwanafunzi haelewi mpaka mwalimu aonyeshe. Akavua miwani. Akapiga magoti mbele ya chemchemi, kisha viwiko, kisha akainua makalio juu kama anavyofanya mwenye shughuli, na Meneja, ambaye hakuwahi kuona kitu cha namna hiyo katika utumishi wake wote, akaketi kutazama.

"Meneja, mzee mwenzangu," fundi akasema kwa sauti ya chini. "Tuongee kiume. Huyu mama nimemngoja miaka kumi na moja, na si yeye aliyenichelewesha, ni ujinga wangu. Nilikuwa naona taa yake inazimwa kule ng'ambo, ndipo na mimi nafunga. Basi. Ndiyo ilikuwa raha yangu ya siku. Usinirudishe huko, tafadhali. Usinirudishe kwenye 'habari za asubuhi' na 'jioni njema'. Nimeshajua mtu anavyocheka akiwa usingizini, nitaishije sasa? Tazama. Ni rahisi. Hivi."

Akatoa ulimi, akalamba maji. Akalamba tena, kwa bidii, masharubu yakilowa.

Halafu akaganda. Ladha ile aliijua. Mtu aliyeshika bisibisi ndogo kwa meno kwa miaka thelathini na tano hahitaji kuambiwa. Alikaa kitako sakafuni, macho yamemtoka pima, kisha akajipiga kofi la paji la uso lililosikika mpaka nje.

"Mafuta! Mama Pindo, mafuta! Nimempa mwenzako mafuta ya saa!"

Mama Pindo alitokea mlangoni haraka kuliko ilivyotarajiwa kwa mtu aliyekuwa anaoga, taulo kichwani, macho yamelowa. Fundi alidhani ni maji ya bafuni.

"Umempa nini?"

"Matone mawili! Nimeilainisha!"

Mama Pindo alifungua mdomo aseme, kicheko kikawahi. Alicheka mpaka akashika ukuta, akateremka nao polepole, akaketi sakafuni kando ya mumewe, na kila alipotaka kunyamaza aliyaona masharubu yale yanayodondosha maji, akaanza upya. Fundi naye akashikwa. Walicheka hadi jirani akagonga kuuliza kama wanahitaji msaada. Meneja ndiye peke yake aliyebaki na heshima zake. Bahati nzuri hakuwa amekunywa hata tone la uchafu ule.

Karatasi ya maelekezo ikafunguliwa. Mama Pindo aliisoma kwa sauti, na mstari mmoja aliusoma mara tatu kwa raha zake: pampu hii hulainishwa na maji yenyewe, usipake mafuta wala grisi ya aina yoyote. "Ya aina yoyote, Fundi. Yaani hata yale yako ya bei mbaya."

Siku hiyo chemchemi ilioshwa kama mtoto anayepelekwa kwa bibi yake. Kila kipande kilipita kwenye maji ya moto na sabuni mara nne, kikasuuzwa, kikanuswa. Pampu ilifunguliwa mpaka kile kigurudumu chake kidogo cha ndani, na Mama Pindo akatoa brashi yake nyembamba ya kutolea nyuzi kwenye cherehani, mpya kabisa, akaipitisha kwenye kila tundu. Chujio lilitupwa, kwa kuwa mkaa ulikuwa umeshakunywa mafuta, na fundi akarudi dukani kununua jingine. Muuzaji alipomwona alipiga chafya hata kabla ya kusalimia. Kabla fundi hajarudi, Mama Pindo naye alitoka kidogo. Aliporudi alisema alikuwa na kitu cha mtu cha kurudisha, na fundi akadhani ni gauni la mteja fulani, maana gauni la mteja halikosekani kwake.

Lakini Meneja si mtu wa kusahau. Ijumaa alipita mbali. Jumamosi alikuja hadi hatua tatu, akaketi, akatafakari, akaenda kulala juu ya meza. Jumapili ikafika, na Jumatatu ndiyo ilikuwa mwisho wa mwezi. Fundi hakula asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda sebuleni, mikono magotini, akisikiliza maji yakijisemea yenyewe, na Mama Pindo alikuwa upande wa pili wa chumba akishona kifungo, tepu ya kupimia ikiwa shingoni.

Mara Meneja akasimama. Akajinyoosha, mbele kisha nyuma. Akashuka mezani. Akatembea moja kwa moja mpaka kwenye chemchemi, akanusa, na hakurudisha kichwa nyuma. Akanusa tena. Akainamisha shingo upande, ile shingo ya bombani.

Fundi aliinua macho kwa furaha, yakakutana na ukuta wake. Saa zote tisa, kwa kuwa yeye ndiye aliyezirekebisha na hakuna hata moja iliyopishana na mwenzake, zilionyesha kwamba imebaki dakika moja kutimia saa sita mchana.

Mapigo kumi na mawili mara tisa. Paka gani angebaki chini ya ukuta ule?

Fundi alimtazama mkewe, akatazama ukuta, na Mama Pindo, ambaye wiki mbili zilikuwa zimemfunza mengi, akaelewa. Wakainuka kwa vidole vya miguu. Fundi akaanzia upande wa kulia, Mama Pindo akaanzia wa kushoto. Fundi aligusa pendulamu ya kwanza, ikasimama. Ya pili. Ya tatu. Mama Pindo alikuwa amekamata moja kwa kila mkono kana kwamba anawashika kuku. Fundi akaruka kapu la nguo, akaegemea ya nne, ya tano. Mama Pindo akamaliza yake ya tatu kwa kuizungushia uzi wa kushonea. Meneja alikuwa bado anatazama maji yanavyomwagika, sharubu zikitikisika.

Ilibaki moja, ile ya juu kabisa, ya ndege wa mbao anayetoka mlangoni na kuita. Fundi akapanda kigoda. Kigoda kikayumba. Mama Pindo akamshika kiunoni kwa mikono yote miwili, akafumba macho. Mlango mdogo ukafunguka, ndege akatoka, akasema, "Ku—" na fundi akamdaka mdomo kwa vidole viwili, akamrudisha ndani, akaushikilia mlango kwa kiganja. Mle ndani ndege aligonga na kugonga kama mpangaji aliyefungiwa nje. Fundi akauma meno. Ilibidi avumilie mara kumi na moja.

Nyumba ikanyamaza. Ilikuwa haijawahi kunyamaza hivyo tangu ilipojengwa. Na katika kimya kile, chini kabisa karibu na sakafu, wakasikia kitu kidogo: lap, lap, lap, lap. Meneja anakunywa. Anakunywa kwa mpigo mmoja ulio sawa, usioharakisha wala kuchelewa, na Fundi Sekunde, juu ya kigoda, mkono ukutani na kiuno mikononi mwa mkewe, akahisi machozi yanamteremka kwenye masharubu na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Unasikia?" alinong'ona.

"Nasikia."

"Sawasawa kabisa. Hajakosea hata mara moja."

Meneja alikunywa dakika nzima na zaidi. Kisha akapangusa kidevu kwa mguu, akawatazama wale wawili walivyoshikana kule juu, akaenda zake jikoni kukagua chakula.

Fundi akashuka. Alijua kuna neno ambalo lazima aliseme sasa, kabla ujasiri haujamwisha, na safari hii alilisema bila kuomba sekunde.

"Mama Pindo. Ule ufunguo. Kesho ndiyo mwisho wa mwezi. Amekunywa, umemwona mwenyewe. Nakuomba uurudishe."

Mama Pindo alimtazama kama mtu anayetazama kitambaa asichokielewa ni cha upande gani.

"Ufunguo upi?"

"Wa chumba chako. Ule pale msumarini."

"Fundi, ule ni wa kabati la vitambaa."

Fundi akaenda mpaka mlango wa jikoni. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, alisimama mbele ya msumari ule na kuutazama ufunguo moja kwa moja. Akauondoa. Akatoa lenzi mfukoni, akaiweka jichoni. Utepe ulikuwa mwekundu vilevile. Lakini ule wa chumba ulikuwa wa shaba na mrefu, na huu ulikuwa mfupi, wa chuma, wenye jino moja tu. Hata mtoto angeuona kwa macho matupu.

"Wa chumba nilimrudishia mwenye nyumba Alhamisi," Mama Pindo akasema nyuma yake. "Msumari ukabaki wazi, nikatundika huo. Nilidhani umeona. Mtu unayeona unywele ndani ya saa!"

"Alhamisi?" Fundi aligeuka, lenzi ingali jichoni. "Lakini Alhamisi alikuwa hajanywa. Hata Ijumaa hajanywa."

"Najua."

"Na sharti?"

Mama Pindo alianza kujibu, akaacha, akaishika tepu yake akaivuta huku na huku. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo, na kicheko kilikuwa kinagombana na kitu kingine humo ndani.

"Alhamisi sikuwa naoga. Niliacha bomba wazi nikaja kuchukua sabuni. Nikamkuta mume wangu kapiga magoti, ulimi nje, anamfundisha paka kunywa maji, anamwambia kuhusu taa yangu." Akafuta jicho kwa ncha ya tepu. "Meneja kama asingekunywa tungemletea bomba bovu humu ndani, ungeweka pamba masikioni. Mimi kule sirudi."

Fundi alisimama na ufunguo wa kabati mkononi kana kwamba amepewa wa benki. Baadaye kidogo, kwa kuwa mtu akizidiwa na furaha hukimbilia kazi anayoijua, alikohoa, akageukia ukuta wake wa saa tisa zilizokufa, na kunyoosha mkono kwenye pendulamu iliyokuwa karibu.

"Ngoja basi niziwashe, mchana utatupita."

Mama Pindo akaukamata ule mkono.

"Sekunde moja tu, Fundi," akasema.

Saa zile zilikuja kuwashwa jioni.